Ngozi ya Mpolandi

Wasukuma tuna desturi ya kumwekeza mtu ng'ombe. Mwenye mifugo mingi humpelekea ndugu au rafiki sehemu ya kundi lake akae nayo. Huyo aliyewekezwa hukamua maziwa, hulimia maksai, hutumia samadi, lakini ng'ombe hawawi wake hata wakikaa miaka. Hauzi, hachinji, hamgawii mtu. Siku mwenyewe akitokea, awakute. Naanza na jambo hili kwa sababu bila kulijua mtu hawezi kumwelewa baba yangu, na mimi nimechoka kusikia watu wakisema kwamba alikuwa mjinga.

Baba alikuwa dereva wa ushirika. Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na pamba yetu yote ilinunuliwa na ushirika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumuuzia. Alianza na lori la kubeba marobota ya pamba. Kisha, mwishoni mwa enzi hizo ingawa hatukujua kuwa ni mwishoni, ushirika ukaletewa gari kutoka Polandi. Lilikuwa la mraba kama kabati, turubai nyuma, likivuta kwa magurudumu yote manne. Wapo waliodhani ni Landrova iliyochongwa na fundi mwenye haraka. Watoto waliliita Mpolandi, na jina likashika.

Siku ya kumkabidhi ufunguo, mwenyekiti wa ushirika alisimama mbele ya kiwanda cha kuchambulia pamba akasema kwa Kisukuma, kwa utani, kwamba huyu tunakuwekeza wewe, mtunze. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akainama kidogo, na tangu siku hiyo hakuwahi kusema "hili gari". Alisema "huyu". Huyu ana kiu. Huyu leo ameamka vibaya. Mimi niliyekuwa nafundishwa ngeli shuleni nilimkosoa mara moja, akaniambia ngeli zangu zibaki hukohuko shuleni.

Lazima niseme ukweli, gari lile lilikuwa jema kwetu. Masika ikianza, udongo mweusi wa mbuga hugeuka uji mzito, na magari mengine yote hulala mjini. Mpolandi alitoka. Alipeleka mbegu Sapiwi, akapeleka dawa ya wadudu na mabwana shamba Zagayu, akarudi amepakwa matope mpaka kwenye vioo. Njiani baba alibeba wagonjwa na wajawazito, jambo ambalo meneja alilikataza kila mwaka na kila mwaka hakulifuatilia. Mama alipomuuliza haogopi kufukuzwa, alijibu kwamba aliyewekezwa ng'ombe anaruhusiwa maziwa. Kubeba mgonjwa ni maziwa, kuuza tairi ni nyama. Mimi mwenyewe nilipougua homa ya uti wa mgongo nililazwa kwenye benchi lile la nyuma, kichwa changu kwenye mapaja ya mama, na nakumbuka harufu ya dizeli na mbegu za pamba kuliko ninavyoikumbuka hospitali.

Kisha likaja soko huria. Tulilisikia redioni kabla hatujaliona. Msimu mmoja wakatokea wanunuzi binafsi na magari yao ya Kijapani, mizani mipya na vijana wanaoongea haraka, wakatandika maturubai pembeni mwa barabara. Wakulima walifurahi, na sitawalaumu, hata sisi nyumbani tuliwauzia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hakupona. Ushirika ulianza kukonda mbele ya macho yetu. Malori yakasimama moja baada ya jingine, makarani wakaanza kuja kazini mchana, na nyasi zikaota kwenye lango la kiwanda.

Katika msimu huohuo difu ya mbele ya Mpolandi, ile inayozungusha magurudumu ya mbele, ikavunjika. Baba aliomba spea. Shinyanga wakasema iko Dar es Salaam, Dar es Salaam wakasema iko Polandi, na Polandi hakuna aliyejibu. Hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nacheka, halafu kicheko kinanikwama. Kulikuwa na mtawa wa Kipolandi kwenye misheni, mwanamke mrefu aliyejua Kisukuma cha kusalimia na Kiswahili cha kutosha. Baba alivaa shati la kanisani, akapanda baiskeli, akaenda kumuuliza sista kama anawafahamu watu wa kile kiwanda. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Ukipata ng'ombe anayeumwa, unamtafuta mtu wa ukoo wa mwenye ng'ombe. Sista alikuwa wa ukoo huo.

Sista naye angeweza kumcheka, na hakumcheka. Alimwambia kwamba karibu ataenda likizo kwao, na kwamba ataulizia. Baba alisubiri likizo ya yule mtawa kuliko alivyowahi kusubiri mvua.

Aliporudi, sista alikuja mwenyewe nyumbani. Nilikuwepo, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikisubiri kazi au mume, chochote kitakachotangulia. Alikaa kwenye kigoda, akakataa kiti, akaeleza polepole. Alisema kiwanda kile kilianzishwa zamani kwa ajili ya wakulima wadogo wa nchi yao, watu wenye vishamba na nguruwe wachache. Magari yake ya kwanza yalikuwa na ukuta unaosogezwa kati ya viti na mizigo, ili Jumapili mkulima abebe watoto kwenda misani na Jumatatu abebe viazi. Waliyapa jina la farasi mwitu wa nchi hizo, farasi aliyekwisha kutoweka duniani. Baadaye ndipo walipotengeneza huyu wa kwetu, mwenye nguvu za kupita matopeni, na wakategemea serikali itamnunua. Lakini serikali iliyokuwa inanunua ikaanguka. Ikaja nyingine, ikafungua soko. Wakulima wa kule nao wakaanza kununua magari ya nje, yaliyotumika, mazuri zaidi. Wafanyakazi wakapunguzwa. Majengo yakachukuliwa na kampuni ya nchi jirani inayotengeneza magari yake yenyewe humo, na kazi ya kumtengeneza Mpolandi ikahamishiwa mji mwingine, kwa watu wengine, nao walikuwa wanayumba. Aliowauliza habari ya difu ya gari lililoko Bariadi walimtazama tu.

Baba alisikiliza bila kukatiza. Mwisho akauliza swali moja, kama wale wazungu nao waliletewa soko huria. Sista akasema ndiyo, mwaka uleule karibu. Baba akatikisa kichwa kwa muda. Nadhani mpaka siku hiyo aliamini kwamba jambo lile lilitungwa mahali fulani kwa ajili ya Bariadi peke yake. Akamwambia sista pole. Sista alianza kulia, hapo kwenye kigoda, na mama akaenda kumletea maji.

Ushirika haukufungwa siku moja. Ulizimika kidogokidogo, mpaka hukujua uliacha lini kuona mwanga. Meneja wa mwisho alipokuwa anaondoka, alimwita baba akamwambia aende na gari nyumbani, akae nalo mpaka watakapomwita, kwa sababu hapo kiwandani litang'olewa vifaa. Baba akamwendesha taratibu, kwa magurudumu ya nyuma peke yake, mpaka kijijini kwetu upande wa Sapiwi. Akamwegesha kando ya zizi, akamfunika.

Naomba nieleweke kuhusu miaka iliyofuata. Baba hakuwa mwendawazimu, wala hakulipenda gari kuliko sisi. Alikuwa na haja moja tu duniani: mwenyewe aje, azunguke, afunue boneti, atazame, aseme "nimemwona, ahsante", kisha achukue chake aende. Baada ya hapo baba angekuwa huru. Angeenda Mwanza kuendesha mabasi kama wenzake, au Lamadi kupakia samaki. Alikuwa anaitwa, tena na watu wazima wenye pesa. Aliwajibu kwamba ana ng'ombe wa watu nyumbani.

Kila asubuhi alimwasha mpaka betri ilipokufa. Ilipokufa akawa anamfuta vumbi. Akamwinua juu ya magogo ili matairi yasioze. Alikuja mtu wa mashine ya kusaga akitaka injini, akafukuzwa kwa heshima. Akaja mnunuzi wa pamba mwenye tumbo akitaka gari zima, akasema mzee usiwe mjinga, hao wenyewe hawapo, hili ni lako tayari. Baba akamuuliza kama huko kwao mtu akisafiri mkewe anakuwa wa jirani. Yule bwana alicheka sana, akaondoka, asirudi.

Na ng'ombe wetu wenyewe, wale waliokuwa wetu kwelikweli, waliisha. Mmoja ada ya mdogo wangu, mmoja njaa ya mwaka ule mvua ilipokatika, wawili matibabu ya mama. Ng'ombe wa maskini hazai, na wetu hata wakizaa waliuzwa. Ikafika zizi likawa tupu na kando yake kumesimama gari ambalo lingeweza kutununulia kundi. Niligombana na baba juu ya hilo. Nilimwambia mbele ya mama kwamba anawatunzia watu waliomsahau. Alinisikiliza, akaniuliza, "Wakinisahau, na mimi nijisahau?"

Mama hakuingia kwenye ugomvi ule. Alilima. Alikuwa ameolewa na dereva, mwanamke wa kuonewa wivu sokoni, na sasa alikuwa ameolewa na mlinzi asiye na lindo. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ila aliacha kabisa kupita upande ule wa zizi.

Ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno, wakati watu wanang'oa na kuchoma masalia ya pamba ili wadudu wasibaki shambani. Hiyo ni sheria na kila mtu huitii. Jirani yetu alichoma yake asubuhi kukiwa shwari. Upepo ukageuka. Moto ukaruka kwenye nyasi kavu, ukaja mbio kwenye zizi, ukakuta turubai. Tulikuwa mtoni. Tulipoona moshi tulikimbia, na baba, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, alitupita wote. Tulimkuta anarusha mchanga kwa mikono. Jirani na wanawe walikuwa wanapiga moto kwa matawi huku wakilia kwa hofu. Haukuzimika mpaka ulipomaliza. Matairi, viti, nyaya, vyote. Vioo vilipasuka kimoja kimoja.

Baba alisimama hapo mikono imeungua. Jirani akapiga magoti kuomba msamaha. Baba akamwinua, akamwambia kwa Kisukuma kwamba moto ule si kosa lake. Kisha akatuambia sisi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekufa."

Kesho yake akaanza kuing'oa boneti. Ilikuwa imebabuka rangi, lakini haikuyeyuka. Mama akamwuliza anafanya nini na mikono ile. Hapo ndipo akatukumbusha sheria tuliyoijua sote na ambayo hakuna mwingine aliyeifikiria. Ng'ombe wa kuwekezwa akifa, humziki pamoja na habari zake. Unamchuna ngozi, unaipeleka kwa mwenyewe, na shahidi. Mwenyewe anaitazama, anaona alama yake, anajua ng'ombe alikufa, hakuliwa. Anasema nimeiona. Mambo yanaishia hapo na jina lako linabaki safi.

Tulisikia kwamba mali za ushirika ziko chini ya mfilisi, na kwamba kuna ofisi yake Maswa, pale Nyalikungu. Tukaenda watatu: baba, jirani kama shahidi, na mimi, kwa sababu mikono ya baba ilikuwa imefungwa vitambaa na mtu alitakiwa kubeba upande mmoja. Tulipanda lori la pamba la mnunuzi mmojawapo. Watu ndani ya lori waliuliza tunapeleka wapi chuma kile. Jirani akajibu tunapeleka ngozi, na wazee wawili waliokuwemo wakaacha kuuliza.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Ndani kulikuwa na kijana wa mjini, amevaa tai, mafaili yamefungwa kwa kamba sakafuni. Nilijiandaa kumchukia. Lakini aliinuka, akasema shikamoo mzee, akatoa kiti chake mwenyewe. Baba hakukaa. Tuliiegemeza boneti ukutani, na baba akaeleza yote tangu ufunguo mpaka moto. Jirani akathibitisha kwamba moto ulitoka kwake. Kijana alisikiliza kalamu ikiwa mkononi bila kuandika kitu.

Baba alipomaliza akasema, "Sasa naomba mwenyewe aione."

Kijana alitazama boneti, akanitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Akaeleza kwa upole kwamba yeye anafunga tu ofisi, mwezi unaofuata anarudi Dar es Salaam. Vilivyokuwa vya kuuzwa viliuzwa, wa kulipwa walilipwa au hawakulipwa. Hata gari lingekuwa zima linatembea, asingekuwa na wa kumpa.

"Basi wewe sema umeiona," baba akamwambia.

"Mzee, nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya. Mimi siyo mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo, mzee wangu. Ushirika ule umeshakufa. Ulikufa zamani."

Nilimtazama baba na nikaona uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mtu aliyefika nyumba ya watu akakuta mlango uko wazi na ndani hakuna hata jivu.

"Alikufa lini?" akauliza. "Mbona hatukuitwa tukazika?"

Kijana aliweka kalamu chini. Alisema, "Pole, mzee." Kwake lilikuwa neno la adabu tu, lakini baba aliipokea jinsi inavyopokelewa msibani, kwa kuinamisha kichwa na kushukuru. Mimi nilitoka nje. Nililia nikiwa nimeegemea ukuta wa duka la watu.

Tulirudi na boneti kwa sababu hapakuwa na pa kuiacha. Tulipofika nyumbani mama alitoka kutulaki, akamsalimu mumewe "mhola?", kama anavyosalimiwa mtu atokaye safari, naye ajibu mhola duhu, kwamba ni heri tu. Hakujibu. Alivuta kigoda, akakaa uani, akavua kofia, akaomba wembe.

Kwetu mtu ananyolewa kichwa akifiwa. Mama aliniangalia mimi, akamwangalia jirani, akiogopa kuuliza. Mwisho akamwuliza baba ni nani aliyefariki.

"Mwenye ng'ombe," baba akasema.

Mama alileta maji na sabuni, akamnyoa kuanzia utosini, taratibu, akishikilia kidevu chake kwa mkono mwingine kama mtoto. Nywele zilizoanguka zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani. Jirani alikaa chini pembeni, na hakwenda kwake mpaka jua lilipozama.

Habari husafiri kijijini kuliko gari lolote. Kesho yake walianza kuja. Walikuja wazee waliokuwa wakipeleka pamba ushirika tangu ujana wao, karani wa zamani, mwanamke mmoja aliyejifungulia ndani ya Mpolandi njiani akitoka Zagayu. Walikaa uani kimya kama watu wa matanga. Mimi niliona aibu, nilidhani watatuona tumerukwa na akili. Mzee mmoja akamwuliza mama kwa sauti ya chini marehemu ni nani hasa. Mama akamjibu kwamba ni ushirika. Nikasubiri kicheko, hakikuja. Yule mzee akavua kofia, akasogea kwenye kigoda, akaomba naye anyolewe. Nyuma yake akainuka karani, na nyuma ya karani mwingine. Mama alinyoa mpaka wembe ukaisha makali, akanituma dukani nikanunue mwingine.